Viti vya Mzee Nicanor

Benchi letu liko njia ya Yamumbi, ng'ambo ya stoo ya Sacco, chama chetu cha akiba, na thermos ya kahawa ya Mama Mideva huwa katikati yetu. Kwa miaka ishirini na saba Mzee Nicanor alipanga viti vya Sacco bila malipo: mikutano, harambee, mazishi ya wanachama. Alivifunga kumi kumi kwa kamba ya katani. Hakuwahi kuuliza watu watakuja wangapi, na viti vyake havikuwahi kuzidi wala kupungua. Jumamosi iliyopita Sacco iliandaa sherehe ya kumshukuru. Ijumaa, siku moja kabla, akapanga viti mwenyewe, kama kawaida. Watu wote wakakaa. Mwenyekiti alipomwita mbele ndipo tukagundua hayupo, na kiti chake hakipo. Tulimkuta kwake amejilaza na suti, ameshakata roho. Kesho tunamzika kwao Chepsaita. Ufunguo wa stoo amepewa Kigen, tunayemwita Meneja kwa sababu hajawahi kusimamia kitu.

— Meneja, kesho ni viti ngapi? Mideva akamuuliza.

— Sijui, Mama. Mia mbili? Mia nne? Mtu akikosa pa kukaa kwa mazishi ya Nicanor, nitaficha uso wapi?

— Mimi nilisema, akadakia Obiero, Profesa wetu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tungemnyima sifa, angekuwa hai.

— Hiyo methali haisemi hivyo, nikamwambia.

— Inasema! Tena sikiza. Huyo mzee hakuwa anahesabu watu. Alikuwa anaweka viti, halafu watu ndio wanatoshea. Akiweka mia, yule wa mia na moja anapata pancha njiani huko Turbo.

— Ghai! Na Jumamosi? Mideva akauliza.

— Jumamosi ilikuwa lazima mmoja apungue. Akajipunguza mwenyewe.

Kigen hakuwa amegusa kahawa yake.

— Wachana na hiyo stori, Profesa. Mimi ndio nilirudisha hizo viti Jumapili. Nilizitupa tu ovyo, nikafunga mlango. Sijaingia tena. Lakini nikipita hapo, hata saa sita mchana, nasikia plastiki zikigongana.

— Ni panya, nikasema, na sikujiamini.

Lori likasimama mbele ya stoo. Dereva alikuwa kijana tusiyemjua. Akachungulia dirisha la stoo kwa muda, kisha akavuka barabara kuja kwetu.

— Hamjambo wazee. Naitwa Lenny, nimetumwa na familia kutoka Chepsaita kuchukua viti. Kigen ni nani?

— Ni mimi.

— Asante sana, umenirahisishia kazi. Nimeona umeshazitenga, umezipangusa, umezifunga kumi kumi na kamba.

Tukamwangalia Kigen. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya benchi, akasogea mbali nao.

— Sijafunga kitu, akasema. Haki ya Mungu, sijaingia huko.

Lenny akacheka kidogo, akidhani anataniwa.

— Basi nisaidieni kitu moja tu. Kuna kiti kimoja kimewekwa peke yake mbele, hakijafungwa na zingine. Hiyo ni ya nani?

Mimi nikaona aibu. Miaka ishirini na saba, na siku yake mwenyewe hatukumwekea pa kukaa. Nikauchukua ufunguo. Ulikuwa wa moto wa kuchoma, ingawa Kigen alikuwa ameuweka pale kivulini.