Kuku Hanywi Rangi

Kijiwe chetu kipo Sakina, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea, barabara ya Nairobi ikipita mbele na kelele zake. Benchi ni moja, la chuma, na kahawa ni yangu: naikaanga mwenyewe, naitwanga mwenyewe, na anayetaka maziwa akamkamue ng'ombe wake. Wakaaji ni watatu. Injinia, ambaye jina lake ni Saruni, ndiye mwenye karakana. Uinjinia hajausomea popote. Profesa ni Yona, fundi redio, na redio ikimshinda husema imezeeka. Rubani ni Solomoni, aliyefyeka majani miaka minne uwanja wa ndege wa Kisongo, na mpaka leo ndege ikipita huitazama kama mtu anayekagua kazi yake. Jumanne hii alasiri nilifika na birika nikiwa nimevimba kwa hasira, hata salamu zao sikuziitikia zote.

Injinia: Mama Ephraimu, taratibu! Kahawa inaruka nje ya kikombe.

Mimi: Na bado. Vaileth kapewa sifuri.

Profesa: Mjukuu wako? Huyu wa darasa la tano?

Mimi: Huyo huyo. Mwalimu alisema kila mtoto atengeneze kwa mikono yake, kwa vitu vilivyotupwa, kitu cha kusaidia nyumbani. Vaileth katengeneza chombo cha kunyweshea kuku. Dumu la mafuta ya kula kalisimamisha kwenye sinia kuukuu. Wiki nzima anatoboa, linamwaga, analitupa, anatafuta dumu jingine. Mara ya nne likakubali. Kuku wakinywa, maji yanashuka yenyewe, wakiacha, yanasimama.

Rubani: Sasa sifuri ya nini, aisee?

Mimi: Muulize huyo aliyeshika koleo.

Injinia akaangalia viatu vyake, kana kwamba vimemwita. Basi nikayasema mimi. Alikuja kwangu kununua mayai, akakiona chombo cha mtoto, akarudi karakanani akaunda sita vya bati kwa ajili ya wazazi sita ambao watoto wao hawajawahi kushika hata msumari. Akavipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la kanisa. Rangi hiyo hiyo nilimwomba kidogo nikapaka banda la kuku, na Vaileth akafuta mkebe kwa kidole akamalizia dumu lake. Shuleni vikapangwa mezani saba, vyote kijani. Mwalimu akajaza maji cha kwanza, kikamwaga. Cha pili, kikamwaga. Alipofika cha sita darasa lilikuwa bwawa. Cha saba hakukigusa. Akasema hii ni kazi ya fundi mmoja, wote sifuri, warudie na walete Ijumaa. Asiyeleta, sifuri yake inaingia kwenye ripoti ya mwaka.

Profesa: Basi arudie. Siku tatu zinatosha.

Mimi: Harudii. Kaniambia, "Bibi, nikitengeneza kingine nitakuwa nimekubali kwamba kile si changu." Kanikazia macho, mtoto wa miaka kumi na moja!

Injinia: Mama, tusilaumiane. Mimi nimelichunguza jambo hili tangu jana, na nimeona kosa liko wapi.

Mimi: Haya, sema.

Injinia: Rangi. Nilipaka rangi moja.

Nilitua birika chini. Mtu akiwa na birika la moto mkononi asisikilize maneno ya namna hiyo.

Injinia: Wale wazazi wamesharudi asubuhi hii, wote sita. Safari hii nitapaka nyekundu, bluu, zambarau, kila mtoto na yake. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vyangu si vimetembea mpaka shuleni?

Profesa: Rangi haitoshi, chalii yangu. Mwalimu ana macho. Lazima vitofautiane kwa ufundi. Kimoja kiwe na redio. Kuku akisikia muziki anakunywa zaidi. Samaki mkunje angali mbichi, maana yake bati likunje kabla hujaunga nyaya.

Injinia: Na king'ora. Mwewe akitua, kinalia.

Rubani: Mnafikiri chini chini ninyi. Kwa nini maji yakae chini wakati mwewe anatoka juu? Chombo kiruke! Kinazunguka uani, kinashuka kwa kila kuku mmoja mmoja, kinapanda. Mwenda pole hajikwai, na anayeruka ndiyo kabisa.

Profesa: Kitatua wapi?

Rubani: Tunafyeka majani.

Mimi: Na mtoto wa darasa la tano atafanya nini?

Rubani: Atashangilia.

Injinia: Atakibeba kupeleka shule. Nayo ni kazi ya mikono, mama.

Hapo ndipo nilipowaka. Niliwaambia wanaume wazima wanachezea kazi za watoto kisha wanawaita watoto wavivu. Nikamwambia Injinia avue hilo aproni, apande pale shuleni sasa hivi, aseme: sita ni vyangu, cha saba ni cha Vaileth.

Injinia: Nikisema hivyo, wale wazazi watanila nyama. Mmoja ni mzee wa kanisa.

Mimi: Aliyenunua uongo kwako akaupeleka shuleni ni mzee wa kanisa, na wewe unamwogopa yeye. Mtoto aliyesema kweli yuko nyumbani na sifuri, huyo humwogopi.

Profesa: Mama Ephraimu, sifuri ni namba tu. Kisayansi, haipo.

Mimi: Kahawa yako nayo haipo. Lete kikombe.

Nilikuwa nimeshakinyakua Profesa bado amekunja vidole hewani, nikamwona binti akivuka barabara na kiroba mgongoni. Ana viatu vyeupe vilivyokuwa vyeupe wiki iliyopita. Akasimama mbele ya benchi.

Yeye: Shikamooni. Mimi ni mwalimu Prisca, darasa la tano. Mtoto mmoja amenitajia fundi Saruni.

Hakuna aliyemwonyesha fundi Saruni, ila Profesa na Rubani walisogea kidogo, akabaki Saruni katikati peke yake. Mwalimu akamwaga kiroba. Vyombo sita vya bati, kijani tupu.

Mwalimu Prisca: Sikuja kugombana. Watoto nimewauliza swali moja wakaniambia nimuulize fundi. Mbona vinamwaga?

Injinia: Hiyo ni presha. Maji ya shuleni kwenu yanatoka juu Meru, yana mwendo.

Mwalimu Prisca: Niliyachota kwenye ndoo.

Profesa: Basi ni mwinuko. Tuko juu mno, hewa nyepesi, maji yanajiona huru.

Rubani: Upepo wa ndege.

Mwalimu Prisca: Babu zangu, ngojeni. Fundi, umevitengeneza sita, na juu umeweka kifuniko kizuri cha kujazia maji. Vyote vinamwaga. Kwa nini?

Kila mmoja alitazama kifuniko kana kwamba kitajibu. Kuwaona wamekosa uongo, wote watatu kwa mpigo, ilinipa faraja kidogo, lakini haikunitosha.

Mimi: Mwalimu, mimi ni bibi yake Vaileth. Cha saba ulikijaza maji?

Akainua kiatu kimoja, akakiangalia.

Mwalimu Prisca: Viatu vilikuwa vimeshaloa, mama. Nikaona kijani, nikasema ni vile vile.

Mimi: Viatu hukauka.

Akainamisha kichwa. Sikumsaidia. Wengine wangesema basi mwanangu, yamekwisha; mimi nilisubiri.

Mwalimu Prisca: Yuko wapi?

Mimi: Njia hii ya mifugo, nyumba ya pili, nyuma ya banda la kuku. Chombo chake kiko hapo hapo, kimejaa. Usiingie kama mwalimu. Bisha hodi, akikukaribisha ndipo umuulize hilo swali lako.

Alikwenda bila kiroba chake. Injinia akamsindikiza kwa macho, akakuna kichwa, akaokota kimoja cha vile vya bati, akakifunua, akakifunika, akakifunua tena. Dumu la Vaileth juu limezibwa, hewa haina pa kuingilia kuyasukuma maji; hilo sikumwambia.

Injinia: Mama, Vaileth akishamweleza mwalimu, si uje utuambie na sisi? Ijumaa ni mtondo na wazazi wananingoja.

Mimi: Nenda kamuulize mwenyewe. Foleni inaanzia nyuma ya mwalimu.