Mwalimu Gervas na Meza ya Kinyerezi

Wapendwa waombolezaji, karatasi mliyogawiwa getini ina wasifu ulioandikwa na baba mdogo Brightson. Ni mzuri, una picha ya rangi, na umemsahau mtu mmoja. Huu ninaousoma mimi Benedicta, mtoto wa kwanza wa marehemu, haukuchapwa.

Marehemu Mwalimu Gervas Rutashobya alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 huko Kanyigo, mkoani Kagera, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ansbert na marehemu Adelina.

Alisoma shule ya msingi hukohuko, ambako mtoto aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani alivalishwa kibao shingoni. Marehemu alikivaa sana. Mtu mwingine angetoka pale akiichukia ile adhabu. Yeye aliihamishia Dar es Salaam.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1977, akafundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Temeke hadi alipostaafu mwaka 2014. Jioni alikuwa na tuisheni yake Keko, nyuma ya karakana za samani. Somo alilolipenda kupita yote lilikuwa jinsi maneno kama may, can, must na should yanavyokaa na vifungu vya mahali na wakati: at the table, in the house, before noon. Alisema ukijua kuomba ruhusa na kutoa amri, kisha ukajua wapi na lini, Kiingereza umekimaliza. Tuseme haki, alikuwa mwalimu hodari. Fundi Mbwana, yule pale nyuma, amewauzia wageni masofa miaka yote kwa sentensi moja ya marehemu: It should fit through the door, yaani linatakiwa kupita mlangoni. Lisipopita, Fundi hushangaa pamoja na mteja.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa kanisani na Auleria, mama yetu, ambaye mpaka leo anauza ndizi soko la Mabibo. Mwaka 1996 walihamia nyumba yao ya Kinyerezi, na Fundi Mbwana akawatengenezea meza kubwa ya mninga. Wengi mliisifia ile meza. Sheria yake hamkuijua. Hakuna aliyeketi bila kuomba kwa Kiingereza, sentensi kamili: May I sit at the table? Sisi watoto tuliomba kila siku, na aliyekosea alisimama na sahani yake mpaka apatie. Mama aliishia darasa la nne. Alijaribu wiki ya kwanza, marehemu akamcheka mbele yetu. Tangu hapo alikula jikoni, kwenye kigoda, ndizi alizozileta na kuzipika yeye mwenyewe.

Siku ya kipaimara cha mdogo wangu Praygod, mwaka 2005, wageni walimvutia mama kiti. Marehemu akasema mbele ya watu wote, "Auleria, sentensi iko wapi?" Mama akaweka sahani chini, akatoka, akaenda kupanga chumba Mabibo. Marehemu hakumfuata wala hakutuma mtu wa kumwombea radhi. Nilimchukia kwa hilo. Nilishamwambia akiwa hai, kwa hiyo simsengenyi.

Mwaka 2022 kisukari kilimnyang'anya macho. Ndugu wa ukoo walituma pole kwenye grupu. Mama ndiye aliyekuja Kinyerezi kila jioni akishafunga biashara, akamwogesha na kumpikia. Siku ya kwanza alivuta kiti akaketi mezani. Marehemu akasikia kikiburuzwa.

"Nani huyo?"

"Mie. Kula, Mwalimu, ndizi zinapoa."

Akala. Alifariki tarehe 3 Juni 2025 alfajiri, mama akiwa amemshika mkono. Neno la kumtaka radhi halikumtoka, na mama hakumdai.

Sasa jana, kwenye kikao cha familia, baba mdogo Brightson aliamua kwamba marehemu hana mjane.

"Aliondoka kwa miguu yake mwenyewe," alisema. "Atatupa udongo wa kwanza kama nani?"

Praygod akamjibu, "Baba mdogo, nakuheshimu, ila nyie mlikuwaga wapi wakati mama anamgeuza kitandani?"

Baba mdogo akasema basi, mama akitaka kukaa na wafiwa, kwanza apige magoti mbele ya ukoo na kuomba, ndipo watamfikiria. Aombe tena! Mwenye meza amekufa, na bado kuna mtu anataka mama asimame na sahani yake akingoja. Niliposikia hivyo nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi hapa kaburini.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri, maana neno hili hamtalikuta kwenye karatasi. Marehemu ameacha mjane mmoja, Auleria. Ameacha watoto wawili, Benedicta na Praygod, wajukuu wanne, na wanafunzi ambao hakuna awezaye kuwahesabu.

Baba mdogo, hicho kiti cha mbele ulichokikalia tangu asubuhi, naomba umpishe mwenyewe. Mama, njoo uketi. Udongo wa kwanza ni wako, na leo huombi ruhusa kwa lugha yoyote.

Nawe Mwalimu, nenda. Bwana akukaribishe mezani pake, wala asikuulize sentensi.