Mshindi Hubeba Mzigo: Kumkumbuka Stambuli wa Kinole

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema neno la huzuni, niacheni kwanza nijisifu, maana nikichelewa nitakosa nafasi. Katika mji wote wa Morogoro, kuanzia Kihonda hadi Bigwa, ni mtu mmoja tu aliyewahi kumshinda Stambuli kwenye pambano. Mmoja. Na mtu huyo ndiye anayezungumza nanyi sasa hivi. Jina langu Twalibu. Babu yangu alitoka Tabora, kwa hiyo mimi ni mtani wa Waluguru kina Stambuli, na mtani ana ruhusa ya kutamba hata msibani.

Stambuli hatunaye tena. Moyo wake, uliokuwa mbovu tangu utotoni, ulisimama Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Amezikwa kwao, Kinole, huko juu milimani. Leo nimekaa studio na dada yake, Raya, aliyekuja kutoka Dakawa alikoolewa. Amesema atasikiliza tu, hataongea. Karibu, dada Raya. Pole sana.

Wengi wenu mlimjua Stambuli bila kumjua. Ni yule kijana mwembamba muuza viungo, pale sokoni. Iliki, karafuu, mdalasini, vyote vya shambani kwa mama yake. Ukipita mbele ya meza yake ulishiba pilau kwa pua. Lakini Jumamosi alasiri viungo vilisukumwa pembeni, na meza ile ikawa anga.

Stambuli alikuwa ametunga mchezo. Aliuita Milima ya Anga. Ndani ya mchezo huo ni mwaka elfu saba. Dunia imechoka. Watu wa Uluguru wamepanda vyombo vya angani, kila ukoo na chombo chake, na wanalima tangawizi kwenye miezi ya mbali. Wakigombana, hawapigani vita, kwa sababu angani chombo kikitoboka hakuna pa kukimbilia. Rubani mmoja husimama mbele ya rubani mmoja, kila mtu na upanga wake wa mwanga. Hilo ndilo pambano. Na pambano lilikuwa na mila zake.

Kwanza, salamu. Mdogo lazima amwamkie mkubwa. Siku ya kwanza Jesca, mwanafunzi wa kidato cha pili, alisimama mbele ya meza akasema:

"Shikamoo. Nimekuja kukuua."

"Marahaba, mwanangu," Stambuli akajibu. "Karibu ndani."

Tulicheka hadi Jesca akakalia kiroba cha tangawizi. Stambuli peke yake hakucheka. "Upanga haufuti umri," alisema. "Mkubwa unayemchoma bado ni mkubwa."

Halafu, hakuna kupigana bila mjomba. Kila rubani aje na mjomba wake, au mtu wa kusimama badala yake. Kazi ya mjomba ni kuwapatanisha mpaka dakika ya mwisho.

Lakini mila iliyowaudhi vijana ni hii: mshindi hubeba mzigo wa aliyeshindwa. Narudia, wasikilizaji. Mshindi hubeba mzigo wa aliyeshindwa. Ukimwangusha mwenzako, mama yake anakuwa mama yako. Shamba lake utalilima wewe. Wanawe watakula kwako.

"Sasa kaka Stambu," Jesca alilalamika, "kushinda kuna faida gani?"

"Hilo ndilo swali la kujiuliza kabla hujachomoa upanga."

Mila hiyo hakuiokota hewani. Siku ya mazishi nilimsikia mjomba wake, mzee Mwinjuma, akiwaeleza waombolezaji. Zamani, Stambuli akiwa mtoto, mzee Mwinjuma aligombana na jirani kwa mpaka wa migomba. Wakatoleana mapanga. Mzee Mwinjuma akashinda, na mpaka ukasogea. Jirani akabaki na mkono usioweza kushika jembe. Msimu ule watoto wa jirani walikuja kusimama uani kwa kina Stambuli, alikokula mjomba, wakati wa chakula. Hawakuomba. Walisimama tu. Mzee Mwinjuma hakuweza kumeza. Kesho yake alfajiri akaenda kulima shamba la mtu aliyemkata, na akaendelea kulilima hadi watoto wale walipopata nguvu.

"Nilishinda shamba moja," mzee alituambia, "nikalima mawili."

Stambuli aliyaona hayo kwa macho yake. Alipokua, akayapeleka mwaka elfu saba.

Pambano lenyewe lilichezwa hivi. Kila rubani ana kikombe kidogo cha kahawa. Katikati ya meza kuna bakuli la viungo vitatu. Mdalasini ni upanga. Karafuu ni ngao. Iliki ni kuvuta pumzi. Unachukua kimoja kwa siri, unakificha chini ya kikombe chako. Vikombe vinafunuliwa pamoja. Upanga humchoma anayevuta pumzi. Ngao huvunja upanga. Na anayevuta pumzi humngoja mwenye ngao mpaka achoke. Vikifanana, mnarudia. Visipofanana, ni mara moja tu, maana kifo hakina marudio.

Hakuna aliyemshinda Stambuli. Walikuja wanafunzi wa chuo na hesabu zao, wakaondoka wameaibika. Wengine walisema ana jini. Mimi nilisema ni bahati ya mwenye meza, siku moja itaisha.

Mwanzoni mwa mwaka huu moyo ulianza kumdai. Kila Ijumaa Stambuli alikuwa akipanda Kinole kumwona mama yake, Bi Asha. Magoti ya Bi Asha hayashuki tena mlima. Mwanawe ndiye aliyepakia viungo, aliyemtekea maji, aliyekaa naye kibarazani hadi gari la jioni. Sasa kwenye njia ile ya kutoka kituoni hadi nyumbani, aliyokuwa akiipanda huku anapiga mluzi, akawa anaketi kila penye jiwe. Daktari alimweleza ukweli. Hakutishika na kufa, aliniambia Raya kabla hatujaingia studio. Alitishika na Ijumaa. Raya ana watoto na mpunga kule Dakawa. Mzee Mwinjuma anatembelea fimbo. Nani atampandia mama? Hilo tu ndilo lililomkosesha usingizi, na hakutaka kumwomba mtu. Alisema anayeombwa na mgonjwa hana nafasi ya kukataa, na mzigo wa namna hiyo hutupwa njiani.

Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, akaniita mezani. Katika mchezo, chombo changu kilikuwa kimechukua mwezi wa ukoo wake. Vijana wakajaa. Raya alikuwa mjini siku ile, akasimama nyuma ya kaka yake, mjomba mwenye kanga. Akajaribu kutupatanisha, kama mila inavyotaka. Mimi nikamwambia, "Mjomba, kaa pembeni, leo Mluguru analala." Nilichukua muda kuchagua. Nilikishika kiungo changu, nikakisugua vidoleni, nikakirudisha, nikakishika tena. Mbinu hizo! Stambuli aliniangalia tu.

Tukafunua. Kwangu mdalasini. Kwake iliki. Upanga umemkuta anavuta pumzi!

Nilishangilia hadi wauza nyanya wakaja kuuliza kuna nini. Stambuli akanipa mkono. Mkono ulikuwa wa baridi. "Umeniua vizuri, mtani," alisema. "Mama ni wako." Sote tukacheka. Habari ile nimeisimulia vijiweni, harusini, na hapa hapa redioni, mnajua wenyewe.

Na huyo ndiye Stambuli. Aliwafundisha watoto wa mjini kuamkia kabla ya kupigana. Tunampa pole Bi Asha, mama aliyemzika mwanawe. Tunampa pole mzee Mwinjuma, na Raya, na vijana wote wa Jumamosi. Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize usiku wa leo. Kila mmoja wetu amewahi kumshinda mtu. Kazini, mahakamani, kwenye mapenzi, kwenye mpaka wa shamba. Yule uliyemshinda, nani analima kwake?

Mungu amlaze mahali pema. Abel, fundi wetu wa mitambo, tuwekee...

Naam, dada Raya? Anataka kipaza sauti. Karibu, dada.

"Ahsante. Nilisema sitaongea, lakini siku ile mimi nilikuwa mjomba, na mjomba ni shahidi. Kaka hakuwa na jini. Alikuwa na pua. Tangu mtoto, ukishika kiungo anakijua. Wewe uliusugua mdalasini ule, ukanuka hadi kwangu niliyesimama. Kabla hamjafunua aliniinamia sikioni, akasema, 'Ameweka mdalasini.' Karafuu alikuwa nayo kiganjani tayari. Akairudisha bakulini. Akachukua iliki."

Dada Raya... kwa nini afanye hivyo?

"Nilimuuliza njiani tukirudi. Akasema, 'Huyu mtani anaongea sana. Akishinda atatangaza mji mzima. Na aliyetangaza ushindi hawezi kuukana mzigo.' Sasa nikuulize mimi. Umeshinda tangu mwezi wa tatu. Kinole umepanda mara ngapi?"

Nilikuja siku ya... siku ya mazishi.

"Siku ya mazishi. Kaka alipanda mwenyewe mpaka Ijumaa yake ya mwisho. Kila akisikia gari anasema labda mtani yumo. Mama anakusikiliza sasa hivi, redio iko dirishani. Iliki amekausha. Amenitumia ujumbe sasa hivi, anauliza kesho kutwa, Ijumaa, unakuja na gari la asubuhi au la mchana?"

Wasikilizaji wapendwa... Abel, weka wimbo. Abel?

Abel anatikisa kichwa.

Shikamoo, mama. La asubuhi.