Pumzi Ndogo za Sadock Kisyeri

Wasikilizaji wapendwa, mwanamume aliyeiamsha Nyambureti kila Pasaka ameondoka bila sauti. Tunamkumbuka Sadock Kisyeri, mkulima wa mihogo na mpuliza tarumbeta wa kanisa. Nasema tena: Sadock Kisyeri, wa Nyambureti, Serengeti.

Mkewe, Kezia, aliipenda tarumbeta ile na kuichoka. "Nikimwita aje kula, ananijibu kwa kupuliza," anasema. "Kijiji kizima kikajua kwetu ugali umeiva."

Mwezi wa tano Sadock alianza kukohoa. "Mafua tu, Mama Irine," alimwambia mkewe. "Kifua hiki ni cha bendi." Kezia akamwamini. Alipokubali kupelekwa hospitali, homa ya mapafu ilikuwa imeshamkalia na midomo imebadilika rangi. Wakamhamishia hospitali kubwa, nje ya mkoa. Huko akawekwa kwenye mashine ya kupumulia.

Kaka yake, Werema, alitazama kifua kile kikiinuka kidogo, kikishuka. Akawaka.

"Daktari, huyu ni mtu wa tarumbeta! Mnampa pumzi za kifaranga? Ongezeni!"

"Mzee, mapafu yake yamejaa majimaji, yamekakamaa. Sehemu ndogo tu ndiyo inayofanya kazi. Nikisukuma hewa nyingi, yote itakimbilia sehemu hiyo ndogo. Nitaichana."

Werema akamgeukia Kezia. "Shemeji, sema! Wewe ndiye mke."

Naye Kezia alitamani mno kukiona kifua kile kikijaa kama siku ya Pasaka. Lakini akamgeukia daktari.

"Daktari, endelea na hizo ndogo."

Wakaendelea. Wakamlaza hata kifudifudi, mapafu yapate nafasi. Oksijeni mwilini ikapanda, ikashuka tena. Jumapili, Sadock akafariki. Daktari alisema mapafu yalikuwa yameumia sana kabla hajafika.

Matangani maneno yakaanza: Kezia kamnyima mumewe hewa. Werema akataka aombe radhi, tena hadharani.

Poleni, familia ya Kisyeri. Pole, Mzee Werema. Pole, binti yetu Irine. Nasi wengine tujiulize: nani anakohoa nyumbani leo, nasi tumeridhika kuambiwa ni mafua tu?

Kezia yuko nasi hapa studio. Tunampa maikrofoni.

"Shikamoo, shemeji Werema. Nilipaswa kumburuta hospitali siku ya kwanza. Hilo nalilia mpaka leo. Lakini zile pumzi ndogo, hata sasa ningezichagua zilezile. Radhi siombi."