Fundi Aliyeuliza Volti Ishirini Zimekwenda Wapi

Ndugu, jamaa na majirani, habari za utoto wa mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Ampea, mkwewe, mke wa kitinda mimba wake, alizipata kwanza kwa shangazi mkubwa, dada wa marehemu, aliyeketi hapa mbele. Yeye ndiye aliyemweleza kwamba kaka yake alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa mshona viatu, na kwamba alianza kuifungua redio ya baba yao kabla hajajua kuifunga.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akaingia karakana ya mjomba wake mwaka 1968, na kuanzia tarehe 2 Mei 1974 hadi alipostaafu mwaka 2011 alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sabuni, ambako hakuruhusu kifaa kitoke mezani kabla hajakipima kikiwa kazini, akagawa volti kwa ampea kupata ukinzani, akazizidisha kupata wati, maana, alisema, kibandiko cha kifaa huandikwa na muuzaji.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na mama yetu, aliyetutangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto watatu, na kitinda mimba alipooa binti aliyeishia darasa la saba, mwoga wa kusema mbele za watu, marehemu alimpokea kama mwanawe na kumfundisha kutumia mita ya kupimia umeme.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2022, na Juni mwaka huu hospitali ikamwazima mashine ya oksijeni. Tarehe 18 Julai baridi ilikuwa kali, mjukuu wake wa miezi mitano, mtoto wa mkwewe huyo, alikuwa na kikohozi chumbani mwa babu, hita ikawashwa pamoja na mashine, mkwewe akapima kwenye soketi, akapata volti 220 na ampea 5, akazidisha, wati 1,100, akaridhika. Marehemu akamtuma apime pia pale umeme unapoingilia nyumbani, akakuta 240.

“Ishirini zimekwenda wapi? Volti hazipotei kama sindano, mama. Zimeliwa na waya. Gawa kwa tano.”

“Omu nne za ukinzani, baba.”

“Sasa zidisha hizo ishirini kwa tano.”

“Mia moja.”

“Basi kuna balbu ya wati mia inawaka ndani ya ukuta wetu.”

Mkwewe akaugusa ukuta, ulikuwa moto. Kimoja kilipaswa kuzimwa, na mzee akaonyesha mashine yake, akisema, “Mimi nimepumua vya kutosha, huyu ndiyo kwanza anaanza.” Mkwewe, ambaye hakuwahi kumpinga, akazima hita, akamlaza mtoto kando ya babu yake ndani ya blanketi moja, wakapashana joto.

Kesho yake, tarehe 19 Julai, mafundi wenzake walileta waya mnene, mashine ikavutiwa umeme kutoka kwa jirani, na saa tisa alasiri, wakiwa wanafunga soketi ya mwisho, marehemu akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani aliyetupatia umeme wake bila kuulizwa mara mbili, na mafundi waliomaliza kazi huku wakilia. Ulale salama, baba, umepumzika.

Asubuhi iliyofuata mazishi mkwewe alimfunga mtoto mgongoni, akairudisha mashine hospitali, na kabla ya kuiachia mkononi mwa muuguzi, akasema mbele ya foleni nzima kwamba huko iendako, wapime kwanza volti pande zote mbili za waya.