Valerian Masele na Vifaa vya Kuzamia Vilivyokaguliwa kama Ng'ombe

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1958, Valerian Masele anastaafu baada ya kuutumikia mgodi wetu kwa miaka ishirini na miwili, yote katika kituo cha pampu ufukoni mwa ziwa. Waliofanya kazi naye watasema ni mwaminifu, hodari na mcheshi. Ni kweli. Watasema pia kwamba ni mbishi kupita kiasi. Hilo nalo ni kweli, na wasifu huu hautalificha.

Alizaliwa karibu na Kolandoto, akajifunza kuogelea bwawani huku akichunga, kisha akaja Geita kutafuta kazi ya kuchimba. Msimamizi alipomwona majini, akampeleka kwenye pampu. Kwa wasiofika huko ufukoni, inafaa kueleza. Maji yote ya kinu cha kusagia mawe, ya hospitali yetu ndogo na ya mabomba ya kambini huvutwa kwa bomba moja, ambalo mdomo wake uko chini ziwani, umefunikwa kwa chujio la chuma. Magugu na matope yakiliziba chujio, kambi nzima hukauka. Kazi ya Valerian ilikuwa kuzama na kulikwangua.

Kwa miaka mingi alizama kwa kubana pumzi tu. Mwaka 1954 alipanda juu damu ikimtoka puani na masikioni, na Injinia Mkuu akapiga marufuku mtu kuzama tena bila vifaa vya kupumulia. Mwenye duka mmoja wa Mwanza akaagiza seti kadhaa, na Valerian akaruhusiwa kwenda kujichagulia. Hapo ndipo uchovu wetu ulipoanza.

Hakwenda peke yake. Alimchukua mjomba wake, Mzee Mageni, ambaye hajawahi kuloa kupita magoti, lakini anaheshimika kwa ukaguzi wa mahari. Katika ukoo wao, ng'ombe wa mahari, awe wa kuingia au wa kutoka, hapiti bila jicho la mjomba. Mzee Mageni akauzunguka mtungi wa hewa ulio mkubwa kuliko yote, akaugonga, akaupapasa ubavuni.

“Huyu ana kifua,” akasema.

Mwenye duka akamweleza kwa upole kwamba mtungi ule ni wa mtu mrefu na mpana.

“Ng'wanawane,” mzee akamjibu, yaani mwanangu, kama mtu anayemfunza mwanawe, “nani huacha dume akachukua ndama?”

Kwa hoja hiyohiyo wakachukua miwani yenye kioo kipana zaidi, mapezi marefu zaidi ya miguuni, na mkanda wa vipande vya madini ya risasi ulio mzito kuliko yote. Rangi nyeusi ilipewa nafasi ya kwanza.

Mambo ya kuangalia ni mengine kabisa, nasi tunayaeleza tena, ingawa tumeyaeleza mara nyingi. Miwani hujaribiwa bila kufunga ukanda wake: iweke usoni, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikishika, ni yako. Ikianguka, iache hata kama inapendeza. Mapezi yasibane vidole wala yasichezecheze. Mtungi usimgonge mtu kisogoni anapoinua uso. Nao mkanda, ambao kazi yake ni kumsaidia mtu kuzama, lazima ufunguke kwa mkono mmoja, kwani siku ya hatari mkono wa pili utakuwa na shughuli yake.

Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye maji ya kifuani. Miwani ikajaa maji. Mtungi ukampindua Valerian chali kama kobe, mapezi yakapiga hewa. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Injinia hakucheka, aliagiza vifaa virudishwe dukani.

Valerian akakataa. Kwao, ng'ombe aliyekaguliwa akaingia zizini harudishwi, maana kumrudisha ni kutangaza kwamba mjomba ni kipofu. “Nitavizoea,” akasema. Tukamweleza kwamba dume akimshinda mtu, mtu huyo huruka boma akaokoka, lakini chini ya ziwa hakuna boma la kuruka. “Nitavizoea.” Huku tukimsihi, maji ya bombani yakapungua hadi kuwa kama uzi, wauguzi wakaanza kulalamika, na sote tukajua kwamba mtu huyu atazama na vifaa vile, na huenda asirudi.

Aliyetuokoa ni mkewe, Mama Justa. Alikuja kituoni adhuhuri, akamkuta Mzee Mageni kivulini.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mama.”

“Yule ng'ombe wa mahari yangu aliyekuwa akichechemea, alikaguliwa na nani?”

Mzee akakohoa. “Nilimkagua mimi.”

“Na baba yangu akamrudisha, mkaleta mwingine. Ulikuwa kipofu?”

“Kipofu wapi? Aliumia njiani.”

“Basi na hivi vimeumia njiani.”

Mzee Mageni akaugeukia mtungi, akaupapasa tena ubavuni. “Barabara ya Mwanza,” akasema hatimaye, “ni mbaya sana.”

Kesho yake Valerian alivifunga vifaa kwa mikono yake mwenyewe, akavirudisha. Safari hii alijaribu miwani kwa pua, si kwa ushauri wa mjomba. Wiki hiyohiyo alizama, akakwangua chujio, akaibuka akilalamika kwamba maji ni ya baridi. Jioni mabomba yakanguruma kambini.

Tangu hapo hakuna aliyeumia katika kazi hiyo. Alimfundisha Donatus, ambaye sasa anashika nafasi yake, kwa ukali ambao Donatus hajausahau.

Tulitaka kumuaga Jumatatu asubuhi, apande lori la Shinyanga. Amekataa. Donatus atazama peke yake siku hiyo kwa mara ya kwanza, na Valerian anasema haondoki ufukoni mpaka akione kichwa cha kijana huyo juu ya maji. Hatukubishana naye, tumemwambia dereva asubiri. Tunakushukuru, Valerian. Uishi kwa amani na afya, wewe na Mama Justa, na kila utakayemngoja aibuke salama.