Jackson Thuo na Mafuta ya Mbarika, 1947–1989

Jackson Thuo alizaliwa tarehe 3 Machi 1947, katika shamba la mzungu karibu na Turbo. Wazazi wake walikuwa Zachariah na Priscah, ambao wametutangulia. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni mimi, Wangari, ninayewasomea.

Baba alifariki mwaka 1955. Mama akasema mmoja aende shule na mwingine abaki ashike jembe. Thuo alikuwa na miaka minane, mimi kumi na mmoja. Kila asubuhi nilimvusha mto mgongoni ili sare isilowe, kisha nikarudi shambani. Jioni nilimuuliza, "Leo mmefundishwa nini?" Akanijibu, "Wewe hutaelewa." Alimaliza sekondari mjini Eldoret mwaka 1966, akaenda Nairobi kusomea kazi ya maabara, akahitimu mwaka 1969.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na Musimbi, wakajenga katika mtaa wa Kimumu, wakabarikiwa binti, Virginia. Kwenye picha ya harusi mimi simo. Nilikuwa jikoni nikisugua sufuria.

Kazi yake ilikuwa katika maabara ndogo ya dawa hapa mjini Eldoret. Kuanzia mwaka 1982 alitengeneza plasta za kubandika nyuma ya sikio, kwa ajili ya wagonjwa wanaotapika kila wanachomeza. Dawa huchanganywa ndani ya utando mwembamba, na utando ukikaa kwenye ngozi, dawa hupenya polepole. Lakini utando wake ulikauka ukawa mgumu. Ulipasuka, haukushika, na dawa ilibaki imefungwa humo humo.

Januari 1984 alikuja kwangu, mtaa wa Langas, na vipande vyake kwenye bahasha.

"Angalia, Wangari. Ni kama chapati ya juzi."

"Ngozi ya mbuzi ikikauka hivyo, wewe hufanya nini?"

"Natupa."

"Kumbe shule yote hiyo ilikuwa ya kukufundisha kutupa! Ngozi aliyotubebea mama ilikauka kila kiangazi, na aliipaka mafuta ya mbarika mpaka ikalainika. Jaribu."

Aliondoka na chupa yangu. Baada ya wiki mbili alirudi amenuna. Utando ulikuwa ukivutika na kuteleza kama maini, na dawa yote ilitoka kwa wakati mmoja.

"Thuo, nilikuambia uipake, si uikaange!"

Tulicheka mpaka akashika ukuta. Basi alipunguza, akapima tone kwa tone, hadi plasta ikakunjika bila kupasuka, ikashika siku tatu. Siku hiyo aliniita "Daktari".

Mwaka 1986 aliniambia nisikilize redio Jumatano saa moja jioni, kwamba atahojiwa. Nilichemsha chai, nikamwita jirani yangu Namalwa aje na redio yake. Thuo alieleza vizuri sana. Alipofika kwenye mafuta alisema, "Wazo hilo tulipewa na mwanamke mmoja wa kijijini."

Namalwa aliniangalia. "Mbona hajakutaja?"

"Labda wakati ulikuwa umeisha," nilisema. Lakini kipindi kiliendelea kwa muda mrefu baada ya hapo, na chai ikapoa. Tangu siku hiyo sikuenda Kimumu, naye hakuja Langas. Kwa miaka mitatu sikukiona kivuli chake mlangoni.

Februari 1989 aliugua tumbo, akawa anatapika hata maji. Musimbi alinitumia ujumbe, nikaenda. Kwa ruhusa ya daktari, tulitumia plasta zake mwenyewe zilizokuwa zimebaki kwenye mkebe. Kila siku ya tatu nilimfuta nyuma ya sikio kwa kitambaa, nikabandika nyingine.

"Imeshika?" aliuliza.

"Imeshika. Haijapasuka."

Kisha akasema, "Nikipona nitarudi redioni, dada. Nitalisema jina lako."

"Pona kwanza."

Nilimwambia hivyo kwa ukali, na ndilo jambo linalonisumbua. Ningemwambia aliseme pale pale, mbele ya Musimbi, nilisikie mara moja tu. Hakuniita jina tena. Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1989, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani kwake. Plasta ilikuwa bado imeshika. Niliitoa mwenyewe, taratibu, ili ngozi isivutike.

Ameacha mjane, Musimbi, binti, Virginia, na mwanamke mmoja wa kijijini, ambaye jina lake ni Wangari binti Zachariah, dada yake, aliyemvusha mto.

Pumzika kwa amani, Thuo. Limeshasemwa.